Goli Nililoliandika Bila Kuliona

Vijana wangu mnaohesabu magoli kwenye simu, nawaandikia ninyi. Wiki iliyopita mlikuja hapa kwangu Katindo, Goma, mkanywa chai yangu, mkaniomba rekodi za mpira wa mji huu: nani alifunga magoli mengi kuliko wote katika msimu mmoja, nani alicheza mechi nyingi zaidi, nani hiki na nani kile. Niliwafungulia kaye zangu, madaftari ya mechi, mkapiga picha mpaka betri zikaisha. Sasa naomba msitangaze kwanza. Rekodi mbili kati ya zile nilizowapa si za kweli, na aliyezipotosha ni mimi.

Kwa wale wasionijua, naitwa Kavira, ila uwanjani hakuna anayelijua jina hilo. Kule mimi ni Mama Kaye. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa karani wa mechi za ligi ya mji. Kila Jumapili waliniwekea meza ndogo pembeni ya uwanja, nami nikafungua kaye, daftari langu kubwa la mistari, nikaandika nani amecheza, nani amefunga, dakika ya ngapi, nani ametolewa nje kwa kumtukana mwamuzi. Mpira wenyewe sijui kuucheza. Nikiupiga teke, kiatu kinatangulia kufika. Nilichukuliwa kwa sababu ya mwandiko.

Aliyenichukua ni Muzee Anselme. Kabla ya mpira alikuwa karani wa parokia, na kazi zote mbili alizifanya kwa namna moja. Katika kitabu cha ubatizo kuna jina la mtoto, kuna siku, na kuna jina la msimamizi wake. Kwa hiyo katika kaye ya mpira kulikuwa na safu ya dakika, safu ya mfungaji, na safu ya mwisho ambayo sijaiona katika ligi nyingine yoyote: safu ya aliyeona.

"Mutoto habatizwe bila mutu wa kusimama naye," aliniambia siku ya kwanza. "Na goli ni vilevile. Mutu mwenye aliona anaweka jina. Kama hukuona, usiandike. Uliza mwenye aliona."

"Na kama hakuna mwenye aliona, muzee?"

"Sasa mulikuja uwanjani kufanya nini?"

Kwa kawaida aliyeona alikuwa karani mwenyewe, kwa hiyo mkifungua kaye zangu mtakuta herufi K imejaa safu ya mwisho kutoka juu hadi chini. Na makosa yalikuwa na sheria yake. Kosa halifutwi. Unalipigia mstari mmoja mwembamba ili kila mtu aendelee kulisoma, unaandika lililo kweli juu yake kwa biki nyekundu, halafu unaweka jina la aliyeona. Mchezaji hakubaliwi kuwa shahidi. Muzee Anselme alisema mchezaji anaona na roho, haoni na macho.

Mechi yangu ya kwanza niliandika timu mbili kila moja mahali pa mwenzake. Dakika tisini zote nikawapa walioshindwa ushindi. Muzee aliona tangu mwanzo, akaningoja nimalize, kisha akaniambia nisome kwa sauti mbele ya makapiteni wote wawili. Kapiteni wa walioshinda alishika kichwa. Yule mwingine akasema karani huyu ni mzuri sana, mumuache aendelee. Tangu siku hiyo naandika majina ya timu kisha nanyanyua macho kuangalia rangi za jezi, na hata leo nikiandika orodha ya sokoni nanyanyua macho vilevile.

Ninyi mna video, mnarudisha nyuma mnavyotaka. Sisi tulikuwa na macho mara moja tu. Basi niwaachie machache, huenda siku moja simu zikazima. Andika dakika kwanza, jina baadaye, maana jina unaweza kuuliza lakini dakika haikungojei. Mvua ikinyesha acha biki, shika kalamu ya risasi. Kaye iwe ndani ya mfuko wa plastiki, mkono wako uingie nayo humo. Na usitegemee namba ya mgongoni. Kwenye mchanga wetu huu mweusi wa volkano, mvua ikipiga robo saa, timu zote mbili zina jezi moja. Mjue mtu kwa mwendo wake. Kasereka, mshambuliaji wa timu ya njano, alikimbia bega la kushoto likiwa juu. Bahati, beki wa timu hiyohiyo, kijana wa kutoka Masisi, alikimbia kama mtu aliyechelewa misa na hataki padri amuone. Hao wawili ningewatofautisha hata kwenye ukungu. Kumbukeni kwamba nilisema hivyo.

Rekodi mnazozipenda ninyi ni za ukubwa. Mimi nilipenda zile ndogo. Kuna mechi ambayo mawe ya lava yalitupasulia mipira mitatu, na ya mwisho tukaimaliza na mpira wa plastiki wenye picha ya kipepeo. Beki mmoja akakataa kuupiga kichwa, akasema ana watoto nyumbani. Kuna goli lililoingia wakati bado naandika jina la kipa aliyefungwa. Na kuna kipa mwingine aliyekaa mechi nyingi mfululizo bila kufungwa, mji mzima unahesabu, mpaka siku mama mkwe wake alipopita nyuma ya goli. Angefanya nini? Akageuka, akainama, akamsalimia kwa mikono miwili. Mpira ukaingia nyuma yake. Nimeandika hivyohivyo kwenye kaye: goli, dakika, mfungaji, na pembeni, "kipa alikuwa anasalimia." Kapiteni wake alisaini bila kulalamika, maana naye alikuwa ameoa.

Kaye hizo nilizipenda kupita kiasi, nakubali. Volkano iliposhuka mjini watu walibeba magodoro na sufuria. Mimi nilijitwika kaye zote kichwani hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Marehemu mume wangu alinitazama akasema, "Kavira, tutalalia magoli?" Na kweli tulizilalia, na mgongo ukaniuma mwezi mzima, lakini hakuna karatasi hata moja iliyopotea.

Kwa hiyo mji ukaanza kusema Mama Kaye hakosei. Mwamuzi anakosea, kocha anakosea, Mama Kaye hapana. Nilipenda kulisikia neno hilo, tena nililipenda vibaya.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Kasereka alikuwa amefikia rekodi ya magoli ya msimu iliyowekwa na mchezaji mmoja wa zamani, marehemu. Alibakiza goli moja tu aivuke. Watu walijaa mpaka juu ya mawe, na kila Kasereka alipogusa mpira walimwita jina kana kwamba amekwisha kufunga. Kipindi cha pili mvua ikaja kutoka upande wa Munigi, ile mvua yetu ambayo haikuulizi. Mfuko wangu wa plastiki ukachanika. Maji yakashuka juu ya ukurasa, nikainama kuyafuta kwa ncha ya kitenge.

Nikiwa nimeinama, uwanja ukalipuka. "Kasereka! Kasereka!" Niliponyanyua kichwa mpira ulikuwa wavuni, Kasereka amenyoosha mikono juu, na wengine wamelaliana kwenye tope mbele ya goli, weusi wote. Kelele zilipopungua kidogo, nikasikia upande wa pili vigelegele vya mtu mmoja peke yake. Alikuwa mama mmoja mwenye kapu la jibini kichwani, mmoja wa wale wanaoteremka na jibini kutoka Masisi. Aliita, "Bahati! Bahati!" Jibini moja ya mviringo ilikuwa imemponyoka na inabingirika kwenye mstari wa uwanja, naye hana habari nayo. Nikamhurumia kwa ile jibini. Halafu nikaandika dakika, nikaandika Kasereka, na kwenye safu ya mwisho nikaweka K.

Sheria ilikuwa makapiteni waje kusaini mechi ikiisha. Kapiteni wa timu ya njano alikuwa Kasereka mwenyewe. Walimleta mezani wamembeba mabegani, hawakutaka kumshusha, wakamwinamisha mpaka mkono ukafika kwenye karatasi, akasaini akiwa angani. Wakaondoka naye wakiimba.

Nikawa nafunga kaye, Bahati akaja. Viatu mkononi, tope mpaka kwenye kope.

"Mama, lile goli ni langu."

"Kapitene amekwisha kusaini."

"Najua. Wewe uliona vizuri, mama?"

Nilimtazama machoni. "Niliona," nikasema.

"Bon. Haina neno."

Akaenda zake. Ule ulikuwa uongo, vijana wangu, na niliusema haraka kuliko nilivyopata kusema kweli yoyote. Timu yake ilikuwa imeshinda, matokeo yasingebadilika, mji ulikuwa unasherehekea, na mimi ningelazimika kusimama pale kwenye mvua niseme sikuwa naangalia. Nilichagua jina langu.

Bahati alicheza miaka mingi baada ya hapo, mechi zaidi ya mia mbili kwa jumla, beki wa kuaminika, na hakufunga tena. Kwa mujibu wa kaye hakuwahi kufunga. Watu wakaanza kumwita Zero. Kila mwisho wa msimu nilisimama ukumbini kusoma hesabu za wachezaji, na nikifika kwake nasema, "Bahati, mechi zote, magoli zero," ukumbi unacheka na kupiga makofi, naye anasimama na kuinamisha kichwa kama bwana harusi. Mimi nilisoma hivyo mwaka baada ya mwaka, sauti yangu ikiwa safi kabisa. Ninaona haya kuandika haya.

Ndiyo maana mlipokuja mkaniomba rekodi za kuchekesha niliwapa ya Zero, mchezaji aliyecheza mechi nyingi kuliko wote bila goli hata moja. Mkacheka, nami nikacheka nanyi. Kisha Neema, yule wenu mwenye miwani, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Mama, hii K ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa hiyo wewe uliona yote?"

Hakuwa na nia mbaya, alitaka kujua tu. Chai yangu ilipoa mkononi. Mlipoondoka niliichukua ile kaye ya mwaka ule, nikachukua biki nyekundu, nikatoka.

Nilianzia kwa Kasereka. Siku hizi ana duka la vipuri vya pikipiki, na ukutani, juu ya minyororo na taa za pikipiki, kuna picha yake akiwa amebebwa mabegani. Nilisimama mbele ya ile picha.

"Kapitene, lile goli la siku ya mvua."

Aliweka chini spana. "Mama Kaye, hii siku naingojea tangu zamani."

"Ulijua?"

"Mupira ulinipita hapa." Akagusa goti. "Sikuugusa hata na kamba ya kiatu. Bahati aliruka nyuma yangu, akaupiga kichwa."

"Na ulisaini!"

"Walikuwa wamekwisha kunibeba. Mutu mwenye amebebwa anashuka namna gani, mama? Na wewe, kwa nini uliandika?"

"Nilikuwa nafuta maji kwenye kaye."

Tukacheka, wazee wawili wapumbavu katikati ya vipuri, mpaka mteja mmoja akatuangalia na kutoka. Kisha Kasereka akaacha kucheka. Akaniambia kuna siku alikutana na Bahati njiani, watu wakamwita Zero mbele yake, naye akajifanya anaongea kwenye simu. Simu yenyewe haikuwa na chaji. Alisema hivyo akiangalia chini.

"Tuende kwake," akasema. "Kama anataka goli lake, piga mstari. Ile picha nitaitoa mimi mwenyewe."

Tukapanda pikipiki za abiria, kila mmoja na yake, mpaka Mugunga. Bahati anakaa kule upande wa barabara ya Sake tangu vita vilipomtoa kwao, anatengeneza chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma mizigo. Tulimkuta anaranda ubao. Nywele zimekuwa nyeupe, au labda ulikuwa unga wa mbao.

"Kapitene na Mama Kaye pamoja," akasema. "Nani amekufa?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kwamba sikuona, kwamba nilimdanganya, na kwamba naomba msamaha. Aliendelea kuranda mpaka nikamaliza, kisha akapuliza ubao.

"Sasa munataka kunivua rekodi yangu."

"Rekodi gani?"

"Ya zero! Hapa watu wote wananijua nayo. Chukudu ikivunjika, wanasema enda kwa Papa Zero. Ile ya Kasereka, kesho mutoto mumoja anaipita. Yangu nani ataipita? Mukinipa goli moja, nabaki beki kama mabeki wengine."

Kasereka akaanza kucheka, mimi pia, na kusema kweli nilipumua. Nikadhani jambo limeisha, kwamba kaye inaweza kurudi kwenye sanduku na mji ukabaki na Mama Kaye wake asiyekosea. Lakini Bahati hakucheka mpaka mwisho. Aliketi kwenye ubao aliokuwa anaranda.

"Shida ni mama yangu," akasema. "Alikuja kuniona mara moja tu katika maisha yote. Aliteremka kuuza fromage, akapitia uwanjani. Siku ile."

Nikajua mara moja. Nilikumbuka lile kapu, na jibini ikibingirika kwenye mstari.

"Alirudi Masisi, akaambia kila mutu: mutoto wangu alifunga, niliona. Halafu ndugu yetu mwenye anakaa hapa Goma akapanda kule, akasema hapana, Bahati hana goli, hata Mama Kaye alisoma. Wakaanza kumucheka. Akipita na kapu, wanamuuliza, mama, leo mutoto alifunga mangapi? Mimi mwenyewe nilimuambia, mama, acha hiyo maneno. Akasema, naacha namna gani? Niliona." "Alikufa akisema vile. Andika, Mama Kaye. Zero yangu haina kazi."

Nilifungua kaye juu ya ubao. Ukurasa ule bado una mawimbi ya maji. Nikapiga mstari mwembamba juu ya Kasereka, nikaandika Bahati kwa wino mwekundu. Kasereka alisimama karibu na mkono wangu, na nilipomaliza akashusha pumzi. "Sasa niko sawasawa na yule marehemu wa rekodi," akasema. "Nitamukuta kule bila haya." Nikapiga mstari juu ya K. Ikabaki nafasi ya aliyeona.

"Andika mimi," Kasereka akasema. "Mimi niliona."

"Wewe ni mchezaji. Muzee Anselme angetoka kaburini." Bahati naye ni mchezaji. Mimi nilikuwa nimeinama na kitenge. Tukatazamana wote watatu, na nikaikumbuka sheria yote neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Ilisema aweke jina mtu aliyeona kwa macho na hakucheza. Haikusema popote kwamba mtu huyo awe hai.

"Bahati, mama yako alikuwa anaitwa nani?"

Sisi sote tungesema Mama Bahati na kuishia hapo.

"Consolata."

Basi vijana wangu, rekodi zile mbili zimekufa. Zifuteni kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni. Na kwenye orodha yenu ya magoli ongezeni moja, la siku ya mvua, la kichwa, la beki. Neema, ukiniuliza tena kama niliona yote, jibu ni hapana. Mwingine aliona, na jina lake sasa limo.

Jina la Consolata nililiandika polepole, kwa mwandiko ule uliofanya nichukuliwe kazini. Bahati alifuta mikono kwenye suruali, akaivuta kaye kwake. Hakusoma safu ya mfungaji. Alisoma ya mwisho, akaisoma tena kwa sauti, kisha akainama akaupuliza ule wino mwekundu, ingawa ulikuwa umekwisha kukauka.